Ubandikaji Majina: Nadharia Inayomgeukia Anayehukumu

Nadharia inayosema kwamba jina baya analopewa mtu na jamii huweza kumfanya awe hivyo ni rahisi kuiita nadharia ya lebo, na wengi wataelewa. Lakini lebo ni karatasi tu iliyo kwenye chupa. Haisemi nani kaibandika. Ndiyo maana napendelea kuiita nadharia ya ubandikaji majina. Kitenzi kina mtendaji, na wanazuoni walioijenga nadharia hii walikuwa wakimtafuta mtendaji huyo.

Mwanzo wa nadharia hii ni Marekani. Mwaka 1914 kijana Frank Tannenbaum aliwaongoza watu wasio na kazi kuingia makanisani, jijini New York, kuomba chakula na mahali pa kulala. Alifungwa jela. Mwaka 1938, akiwa sasa msomi, alichapisha kitabu Crime and the Community. Humo anaeleza watoto wanaovunja vioo, kupanda mapaa na kutoroka shule. Kwao huo ni mchezo. Kwa majirani ni uovu. Mvutano ukizidi, lawama huliacha tendo na kumwangukia mtoto mwenyewe: si kwamba amefanya vibaya, bali yeye ndiye mbaya. Hukamatwa, huonywa, hutengwa, hukutanishwa na wenzake walioitwa vivyo hivyo, na mwishowe hujiona kama anavyoitwa. Kwangu mimi, mengi yaliyoandikwa baadaye yamo tayari hapa.

Mwaka 1951 mwanasosholojia Edwin Lemert alitenganisha ukiukaji wa kwanza wa kanuni za jamii, wenye sababu nyingi na usiobadili jinsi mtu anavyojiona, na ukiukaji wa pili, unaotokana na namna jamii ilivyoupokea ule wa kwanza. Kisha mwanasosholojia mwenzake Howard Becker, aliyepata kupiga piano katika bendi za jazi Chicago, akatoa kitabu Outsiders mwaka 1963. Aliwachunguza wavutaji bangi na wanamuziki, pamoja na watu walioshinikiza sheria ya kodi ya bangi ya 1937. Kwake, tendo halizaliwi na ukiukaji ndani yake; kuna waliotunga kanuni, na kuna waliochagua zimwangukie nani.

Unyanyapaa, neno tulilolizoea kutokana na UKIMWI, ni jambo jirani lakini si ubandikaji majina: wenyewe huja jina likishabandikwa.

Wapinzani husema nadharia hii haielezi kwa nini mtu aliiba mara ya kwanza. Ni kweli, na Becker mwenyewe hakudai kwamba inaeleza hilo. Inaeleza kwa nini wengine hushindwa kurudi.

Kwa hiyo, wahariri wa habari, nanyi mko miongoni mwa wanaobandika majina: aliyekamatwa jana ni mtuhumiwa. Msimwandike jambazi kabla mahakama haijasema.