Mwamuzi wa Ajua, Tangu Enzi za Mwamba

Wageni wanaofika Thimlich Ohinga, kilomita 46 hivi kutoka mji wa Migori, huja kutazama kuta, na kuta zinastahili kutazamwa. Mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika, mahali pengine yakapita mita 4 kwenda juu, na yamesimama tangu karibu karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mimi hunivuta zaidi kile kilichomo ndani ya maboma hayo: safu za vishimo vilivyochongwa kwenye mwamba. Huenda watu waliochoka kubeba mawe waliketi hapo wakacheza ajua, mchezo wa kuangusha kokoto kwenye vishimo.

Mbao za namna hiyo zimechongwa pia kwenye miamba ya Hyrax Hill, Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, na huko Lewa. Umri wake ni vigumu kuupima, kwa kuwa shimo la jiwe haliachi mkaa wala mfupa wa kupeleka maabara.

Je, nani aliamua ugomvi pale mwambani? Mtu akitazama mchezo wenyewe atapata jibu. Mchezaji huchota kokoto zote za shimo moja, kisha huziangusha mojamoja, shimo baada ya shimo. Mkono uliozoea huenda mbio, na hapo ndipo hila huingia: mbili zinadondoka pamoja, au moja inabaki imebanwa kiganjani. Kokoto hiyo moja hubadilisha shimo la mwisho, na shimo la mwisho ndilo linaloamua kama umekula au umelala. Kwa hiyo mwamuzi hodari hukazia macho vidole. Hesabu ya mwisho wa safari ameshaimaliza kichwani kabla kokoto ya kwanza haijaanguka.

Kazi hiyo ilikuwa ya watazamaji. Mpaka leo, kwenye fuo za Homa Bay, wavuvi wakikaa kuzunguka ubao hakuna anayeteuliwa kuwa refa. Wote wanahesabu, na mwenye kudanganya huzomewa na wote.

Mashindano rasmi yamebadilisha mambo. KICOSCA, michezo inayowakutanisha wafanyakazi wa kaunti, imeipa ajua nafasi pamoja na drafti na vishale. Ni heshima kubwa, nami naifurahia. Ila sasa uamuzi umewekwa mikononi mwa mtu mmoja, naye anawasimamia wachezaji waliojifunza nyumbani kwao, kila mmoja na desturi za kwao. Bao la pwani, mchezo wa ukoo mmoja na ajua, lina mashimo 32 na kete 64, na ubishi wa hesabu hiyo haupo tena. Ajua bado inahitaji maelewano ya namna hiyo kabla ya kuanza.

Kaunti za Migori na Homa Bay zina wazee wanaozijua kanuni za ajua barabara. Waketishwe na waandishi, kanuni zichapishwe, kisha waamuzi wafundishwe mbele ya ubao. Na mtihani wao uwe huu: zamu ikipingwa, mwamuzi arudishe kila kokoto kwenye shimo ilikotoka, bila kumuuliza mchezaji yeyote.