Pembe Iliyosema na Pembe Iliyonyamaza

Sisi watu wa Nyangwe, tukisikia neno pembe, tunawaza mzigo. Waungwana waliotoka pwani walifanya makao hapa ukingoni mwa Lualaba, na pembe za tembo zikabebwa mabegani kupitia Ujiji na Tabora mpaka Unguja. Livingstone alifika mwaka 1871, na tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwetu. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis likauteka mji. Bwana alibadilika, lakini pembe ikaendelea kupimwa kwa kilo. Kule Ulaya na Marekani ilichongwa kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi.

Lakini palikuwa na pembe nyingine ambayo haikwenda mizani. Kwa jirani zetu Walega, kule Pangi na Shabunda, chama cha Bwami kilikuwa na ngazi tano za wanaume, na ya juu kabisa iliitwa kindi. Wa ngazi hiyo ndio walioruhusiwa kuweka vinyago vidogo vya pembe, iginga. Vingi vinaenea mkononi.

Fundi alichonga kwanza umbo, kisha akasugua. Sisi wote tunajua jani la msasa, lile linalokwaruza. Ndilo lililompa jina hata karatasi ya msasa ya maseremala wa leo. Lakini kung'aa kwenyewe hakukutoka kwa fundi peke yake. Siku ya mkutano wenyewe walivipaka mafuta, sawa na walivyojipaka wao miilini. Mwaka hata mwaka, mkono hata mkono, pembe ikawa nyekundu, laini kama ngozi ya mtu. Basi mng'ao ule ulikuwa hesabu ya mikono iliyopita.

Na kila kinyago kilikuwa mtu mwenye tabia yake. Sakimatwematwe, mwenye vichwa vingi, ni mtu anayeona pande zote kabla ya kukata neno. Wayinda ni mwanamke mwenye mimba aliyezini akaleta maangamizi. Mwalimu alikishika, akacheza, ngoma ikilia, akatoa methali. Mwanafunzi akaona tabia inatembea mbele yake. Kinyago kile kile kiliweza kupewa methali nyingine siku nyingine. Mwenyewe akifa, hakikuuzwa: kilipita kwa aliyekuja nyuma yake.

Vijana wetu wa mijini wanajua michezo ya kuigiza watu mezani, iliyoanza Marekani mwaka 1974 na mchezo wa Dungeons & Dragons. Leo kila mchezaji anaweza kujitengenezea picha ndogo ya mtu wake katika kompyuta, aisafishe, aitie ukingo, aing'arishe. Wasifikiri jambo hilo ni geni kabisa. Wazee walijua zamani kwamba umbo dogo linaweza kubeba mtu mzima, mradi awepo wa kulisemea.

Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Juu ya nini? Iliogopa mkutano ambao haukuwa chini ya mkono wake. Daniel Biebuyck aliwahi kuandika methali nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kikatoka 1973. Lakini vinyago vingi vilikwisha kutoka kwenye vikapu vyao, na leo vimewekwa ndani ya vioo, Tervuren na kwingineko. Vinang'aa bado. Watu wanavisifu. Kumbe ni mabubu: aliyekichukua kinyago hakulichukua neno lake.

Sisi tuliokaa kwenye njia ya pembe tunadaiwa jambo moja. Pembe hatuwezi kuzirudisha leo. Maneno, yale yaliyobaki vinywani mwa wazee wa Maniema, tunaweza kuyaandika. Tuanze sasa, maana mzee hangojei mwenye daftari.