Mama wa Herufi Tatu: Jina Lake Lipo Kwenye Friji za Ufilipino, Ila Wengi Wanadhani ni Mji

Ukimuuliza Mfilipino CDO ni nini, wa kwanza atakwambia ni nyama. Soseji, tocino, nyama ya kopo. Wa pili atakwambia ni mji, Cagayan de Oro, ule wa kule kusini kisiwa cha Mindanao, ambao wenyeji wameufupisha hivyo hivyo. Na wapo wengi tu wanaoamini hiyo kampuni ya nyama imetoka huko.

Haijatoka huko wala nini. CDO ni mwanamke.

Jina lake sitalitaja, herufi zinatosha, na ukweli herufi zenyewe zinasema zaidi ya jina. Ufilipino mwanamke akiolewa, jina la ukoo la kwao halipotei, linasogea katikati, na la mume linakuja mwisho. Kwa hiyo herufi ya kwanza ni yake mwenyewe, ya pili ni ya alikozaliwa, ya tatu ni ya alikoolewa. Maisha yake yote kwenye herufi tatu, yamebandikwa kwenye pakiti ya nyama. Shikeni hilo, maana huko mbele hilo jina litataka kumponza.

Turudi 1975. Nchi ipo chini ya amri ya kijeshi tangu 1972, rais ni Marcos mkubwa (baba wa huyu wa sasa hivi). Mama yetu yupo Valenzuela, kaskazini ya Manila. Ni mke wa mtu, kasomea mambo ya chakula na lishe, na anapenda jiko. Anaanza kusindika nyama nyumbani na kuuza. Hana kiwanda wala mwekezaji. Ana jiko tu.

Sasa anasindika nini? Hapa naomba tukae kidogo, maana bila kuelewa meza ya asubuhi ya Mfilipino hii stori haina ladha.

Tocino ni vipande vya nguruwe vilivyolala kwenye sukari na chumvi mpaka vinakuwa vyekundu na vitamu. Ndiyo, vitamu, kitimoto yenye sukari, na wanaojua kitimoto ya Sinza hapa watakunja uso. Longganisa ni soseji fupi, nene, kila mkoa na yake, nyingine ina vitunguu saumu utadhani ni adhabu. Tapa ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kulazwa kwenye viungo. Majina mengi yana Uhispania ndani yake, maana Wahispania walikaa pale zaidi ya miaka 300. Ila namna ya kula ni ya kwao wenyewe: wali wa jana unakaangwa na kitunguu saumu, yai juu, nyama pembeni. Wali wa kukaanga ni sinangag, yai ni itlog, wakaunganisha kichwa cha neno la kwanza na mkia wa la pili ikawa "silog". Tapa ikiwepo ni tapsilog. Tocino, tocilog. Longganisa, longsilog. Hicho ndicho kifungua kinywa, na cha usiku pia kwa waliotoka kulewa.

Zamani hivi vitu vilikuwa vya nyumbani au vya sokoni, kila mama na kipimo chake. Kilichokuwa kinabadilika ni mji. Manila na vitongoji vyake vilikuwa vinajaa watu wa viwandani na maofisini, na mtu anayepanda jeepney alfajiri hana muda wa kulaza nyama siku mbili tatu. Anataka afungue pakiti, kikaango, aondoke. Yule mama wa Valenzuela alikuwa anauza muda. Nyama ilikuwa sababu tu.

Biashara ikakua kutoka jikoni hadi kiwandani, na kampuni ikapewa jina la kisheria, Foodsphere. Mume akaingia, baadaye watoto wakaingia. Hapa nitapita haraka, kwa sababu miaka ya kwanza ya kampuni nyingi za kifamilia inafanana: kazi nyingi, usingizi kidogo, kila shangazi ana majukumu.

Kinachonivutia mimi ni namna walivyochagua wateja. Juu yao kulikuwa na majitu. Purefoods, wenye hotdog maarufu kuliko zote nchini, walikuwa chini ya ukoo wa Ayala, moja ya familia kongwe kwa hela Ufilipino, halafu 2001 wakanunuliwa na San Miguel, ile kampuni ya bia iliyoanza 1890. Fikiria unauza soseji, na mshindani wako ana bia ya nchi nzima na hela za kumwaga kwenye matangazo. Ukishindana naye kwa ukubwa umekwisha.

Wao wakaenda kwenye meza ya mtu wa kawaida. Kule kuna vijiduka vinaitwa sari-sari, dirisha lenye nyavu mbele ya nyumba ya mtu, sawasawa na duka la Mangi mtaani kwako. Mtu hanunui chupa ya mafuta, anapimiwa. Hanunui pakiti ya sigara, ananunua moja. Kununua kwa namna hiyo wanakuita tingi. Kwenye uchumi wa tingi, kopo dogo la nyama ni mfalme: halitaki friji, linalisha watu wanne ukilichanganya na viazi na vitunguu. Ndiyo maana nyama ya kopo ya ng'ombe, wanayoiita karne norte, ina heshima kule. Maana ya jina ni "nyama ya kaskazini", yaani ya Marekani, kwa sababu Wamarekani ndio waliokuja nayo walipowatawala. CDO wakatengeneza ya kwao na jina wakaliacha vile vile, Karne Norte, lugha ya mtaani kabisa.

Halafu kuna Ulam Burger, na hii naipenda kuliko zote. Neno ulam halina mwenzake kwenye Kiingereza ila sisi tunalo: kitoweo. Chochote kinachosindikiza wali. Mmarekani anaona baga anawaza mkate. Wale wakaitoa baga kwenye mkate, wakaiita kitoweo, wakaiweka juu ya wali. Hiyo akili hutaipata kwenye chumba cha mikutano cha watu wanaokula wali wikendi tu.

Haya. Sasa tuje 2004, maana najua mnachopenda.

Juni mwaka ule, familia moja ya Valenzuela, mji ule ule ilipoanzia kampuni, ilinunua vyakula vya makopo dukani. Kimojawapo kilikuwa ini la kusagwa la kupaka kwenye mkate, la CDO. Wakala. Ladha ikawa chachu. Kuangalia ndani ya kopo: wadudu, funza wamejaa. Wakalalamika kwa mamlaka ya chakula na dawa, na maabara ikathibitisha kwamba vimelea vilikuwemo. Naliweka hilo wazi, kwa sababu kuna mashabiki wa kampuni wakisimulia hii stori wanaruka hapo.

Familia ikadai fidia ya peso 150,000, kama dola 2,700 kwa enzi hizo. Kampuni ikakataa, ikasema italipa gharama za matibabu na usumbufu. Mpaka hapo ni ugomvi wa kawaida wa mteja na kiwanda.

Ndipo akatokea mtu wa tatu. Simtaji. Alikuwa mwanasheria, mwandishi wa safu kwenye magazeti ya udaku, na mtangazaji wa redio na TV, vyote kwa mpigo. Akawatumia kampuni nakala ya makala aliyokuwa hajaichapisha bado. Mnaelewa maana ya kutumiwa makala kabla haijatoka? Haikuwa kwa ajili ya kurekebisha nukta na koma.

Mazungumzo yakaishia kwenye peso 50,000. Mgawanyo wake ndio uliniacha hoi: 15,000 kwa familia iliyokula wale wadudu, 35,000 kwa taasisi ya huyo mwanasheria. Na juu ya hapo, kampuni iweke matangazo ya kulipia kwenye magazeti na kipindi chake. Familia ikasaini makubaliano, kasunduan wanaita wenyewe, na malalamiko yakafutwa.

Kampuni ikajitolea kununua matangazo matatu ya ukurasa mzima, jumla peso 45,000. Jamaa akaona ametukanwa, alitarajia hela nyingi zaidi ya hizo. Akafungua bomba. Makala juu ya makala, redioni, kwenye TV, liver spread, liver spread, liver spread. Kampuni ikamshtaki kwa kuichafua, mahakama ikatoa amri, yeye akaendelea.

Sasa rudi kwenye zile herufi tatu. San Miguel wakichafuliwa, inachafuka kampuni. Huyu mama akichafuliwa, linachafuka jina la kwao na jina la mumewe, kila asubuhi redioni, kwenye mji anaoishi. Hakukuwa na mkurugenzi wa kumfukuza ili yaishe. Na kwa biashara ya watu wa tingi, mteja hahitaji kesi iishe ndipo aamue. Anasogeza mkono tu, anachukua kopo la pembeni.

Wangeweza kulipa. Hawakulipa. Wakamlalamikia kama mwanasheria aliyevunja maadili ya kazi yake. Ikachukua miaka. Julai 2009 hukumu ikatoka: amesimamishwa uwakili kwa miaka mitatu. Leo wanafunzi wa sheria Ufilipino wanaisoma hiyo kesi kwenye somo la maadili, na jina la kampuni lipo pale juu kama mlalamikaji.

Mimi nina neno moja tu linalonikera. Ile familia ya Valenzuela, walioonja ini chachu mezani kwao, kwenye hii stori yote ndio waliopata kidogo kuliko wote, na hakuna anayewakumbuka.

Kampuni haikuanguka. Jodari wa kopo wa San Marino, jibini ya Danes, ni wao. Kiwanda kingine kipo Malvar, Batangas, kusini ya Manila. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipofika Ufilipino 2019, mikoa ikaanza kufunga milango kwa nyama ya nguruwe kutoka Luzon, na wasindikaji wote wakapata jasho, wakubwa kwa wadogo. Wakapita. Urais wa kampuni alishaushika mtoto wa mama. Mwaka 2025 walitimiza miaka 50 tangu lile jiko.

Na lile ini la kusagwa hawakuliacha. Mpaka leo lipo madukani, kopo dogo, na juu yake C, D, O.