Nani Amrithi Joker? Kuhama kwa Vigezo vya Hadhira Katika Uteuzi wa Mwigizaji wa Mhusika Mwovu, 1988–2024

Ikisiri
Makala haya yanachunguza historia ya mjadala wa mashabiki wa Marekani kuhusu nani anafaa kumwigiza Joker, hasimu mkuu wa Batman. Kwa kutumia dhana za fanani, hadhira na utendaji, yanaonesha kuwa kigezo cha hukumu kimehama mara mbili: kwanza kutoka matini ya kitabu cha katuni hadi utendaji wa mwigizaji aliyetangulia, kisha hadi mateso ya mwigizaji mwenyewe. Yanahitimisha kwamba uhamaji wa pili una athari za kimaadili ambazo uhakiki haupaswi kuzinyamazia.

1.0 Utangulizi
Kila filamu mpya ya Batman inapotangazwa, swali la nani atakuwa Joker huzuka kabla hata mswada wa filamu haujajulikana. Ni rahisi kuliona swali hili kuwa porojo. Hata hivyo, shabiki anayesema kuwa mwigizaji fulani hafai ameshaamua, kwa namna yake, mhusika huyo ni nani, chimbuko lake ni lipi na mipaka yake ni ipi. Huo ni uhakiki, ingawa haujiiti hivyo. Wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kuichukulia hadhira kuwa mshiriki katika uundaji wa kazi: humpima fanani wa leo kwa kumbukumbu ya fanani wa jana, na idhini yake ni sehemu ya uhai wa kazi yenyewe. Mtazamo huo unatufaa hapa, kwa kuwa Joker, ingawa ni zao la uchapaji, ameishi zaidi kwa kutendwa upya.

2.0 Mhusika Asiye na Asili Moja
Joker alitokea mara ya kwanza mwaka 1940, katika toleo la kwanza la jarida la Batman. Waliohusika na kuzaliwa kwake hawakuafikiana kuhusu nani alimbuni. Jerry Robinson alidai kuwa wazo lilitokana na karata aliyoipendekeza yeye. Bob Kane alimpa sifa Bill Finger, aliyeleta picha ya mwigizaji Conrad Veidt katika The Man Who Laughs (1928), filamu iliyotokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1869. Lililo muhimu kwetu ni kwamba katika mapokeo haya, sura ya Joker karatasini ilichotwa kwenye uso wa mwigizaji. Utendaji ulikuwa umetangulia matini.

Hata uhai wake haukuamuliwa na mwandishi peke yake. Katika toleo hilohilo Joker alikusudiwa kufa, lakini mhariri Whitney Ellsworth alitaka iongezwe picha inayoonesha kuwa amenusurika. Baadaye, katika The Killing Joke (1988), kazi ya Alan Moore na Brian Bolland, mhusika mwenyewe anakiri kuwa hukumbuka maisha yake ya nyuma kwa namna zinazotofautiana. Mhusika asiye na wasifu wa kuaminika humwachia kila mwigizaji pengo la kujaza, na humwachia kila shabiki nafasi ya kulalamika kuwa pengo limejazwa vibaya.

3.0 Kigezo cha Matini: 1988–1989
Mwaka 1988 hadhira ilipewa mamlaka ambayo kwa kawaida ni ya mwandishi. Wasomaji waliombwa kupiga simu, kwa malipo, kuamua iwapo Jason Todd, Robin wa wakati huo, afe au apone baada ya kushambuliwa na Joker. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 apone. Tofauti ya kura 72 ikamwondoa.

Mwaka huohuo ulitangazwa uteuzi wa Michael Keaton kuwa Batman katika filamu ya Tim Burton. Barua za kupinga, zilizoripotiwa kufikia 50,000, zilipelekwa kwa Warner Bros. Keaton alifahamika kwa filamu za kuchekesha, na mashabiki walihofia kurudishwa kwenye mfululizo wa televisheni wa 1966–1968, ambamo Cesar Romero alimwigiza Joker kama mtani mwenye kelele, huku masharubu aliyokataa kuyanyoa yakionekana chini ya rangi nyeupe. Vitabu vilikuwa vimeshachukua mkondo wa giza, hasa tangu The Dark Knight Returns (1986), na ndivyo walivyovitetea. Jack Nicholson, aliyejijengea sifa katika filamu kama The Shining (1980), hakukumbana na upinzani wa aina hiyo alipoteuliwa kuwa Joker, kwa kuwa alilingana na matini waliyoienzi.

4.0 Kigezo cha Mtangulizi: 2006–2009
Heath Ledger alipotangazwa mwaka 2006, hoja zilikuwa zimebadilika. Walio wengi miongoni mwa waliompinga walimlinganisha na Nicholson kuliko walivyomlinganisha na ukurasa wowote uliochapwa. Mwigizaji wa 1989 alikuwa amegeuka kuwa asili. Pingamizi nyingine zilitazama majukumu ya Ledger ya awali: filamu za mapenzi ya vijana, na Brokeback Mountain (2005), ambamo aliigiza mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake. Dhihaka zilizotokana na filamu hiyo zilifichua chuki iliyojificha nyuma ya neno "hafai". Hukumu ya kisanaa ilikuwa imebeba hukumu ya kijamii.

Ledger alifariki tarehe 22 Januari 2008, miezi michache kabla ya The Dark Knight kuoneshwa, na mwaka uliofuata akatunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora. Kukataliwa kwake kulisahaulika upesi, na waliokuja baada yake wakapimwa kwake.

5.0 Kigezo cha Mateso: Baada ya 2009
Mamlaka ya uchunguzi wa vifo ya New York ilibaini kuwa Ledger alifariki kwa ajali, kutokana na mchanganyiko wa dawa za hospitali. Hata hivyo, ilienea simulizi kwamba Joker ndiye aliyemuua, simulizi ambayo familia yake imeikanusha hadharani. Kwa mhakiki, nguvu ya simulizi hiyo iko katika kazi inayoifanya: inamgeuza marehemu kuwa ushahidi wa ubora. Baada yake, mijadala kuhusu Jared Leto (2016) na Joaquin Phoenix (2019) ilijaa maswali kuhusu mwigizaji amejitesa kiasi gani. Phoenix alipunguza zaidi ya kilo 20, na habari hiyo ilitangulia tafsiri yoyote ya uigizaji wake. Alipopata Oscar mwaka 2020, Joker akawa mhusika wa pili kuwapa tuzo hiyo waigizaji wawili tofauti, baada ya Vito Corleone.

Joker: Folie à Deux (2024) inaweza kusomwa kama jibu kwa hadhira hiyo. Arthur Fleck anamkana Joker mbele ya mahakama, na waliompenda wanamwacha, kwani walichokitaka ni barakoa. Mwishoni anauawa na mfungwa kijana ambaye, nyuma yake, anaonekana akijichanja uso kwa kisu. Barakoa imepata mrithi. Mtu amebaki sakafuni. Hadhira iliipokea filamu hiyo kwa ubaridi mkubwa.

6.0 Hitimisho
Historia hii inaonesha kwamba kile ambacho mashabiki hukiita Joker halisi ni utendaji wa mwisho waliouzoea. Katika fasihi simulizi, hadhira humhukumu fanani bila huruma, lakini humtambulia haki ya kubadili alichokirithi, na hukumu hiyo huishia kwenye utendaji. Mashabiki wa Joker wamehifadhi ukali wa hadhira hiyo na kupoteza ukomo wake, hadi mwili wa mwigizaji umekuwa sehemu ya kinachopimwa. Atakapotajwa mrithi mwingine, mhakiki ana wajibu wa kuuliza kwanza kigezo kinachotumika kimetoka wapi, na nani amekilipia.