Uathirikaji, Si Udhaifu

Kamati moja, ambayo adabu inazuia kuitaja, imetuletea "tathmini ya udhaifu wa spishi" kuwa jina la kazi ya kupima jinsi mabadiliko ya tabianchi yatakavyowapata viumbe walio hatarini kutoweka. Jina hilo na lijaribiwe kwa pronghoni wa Sonora, mnyama anayefanana na swala, ambaye sehemu ya makazi yake nchini Marekani ni uwanja wa kijeshi wa Barry M. Goldwater, Arizona, ambako marubani hujifunza kulenga mabomu. Pronghoni ni bingwa wa mbio katika bara lake lote, na jangwa amelizoea tangu kale. Udhaifu wake uko wapi? Hata hivyo, ukame wa 2002 ulibakiza wanyama wapatao 21 tu upande wa Marekani: mvua zilikatika, majani yaliyowapa chakula na maji yakanyauka, na njia za kuyafuata malisho kwingine zilikwisha zibwa na barabara kuu na nyaya za uzio. Wataalamu huyatenganisha mambo matatu hapo, yaani kiasi cha kukumbwa na badiliko, wepesi wa kudhurika nalo, na uwezo wa kujirekebisha. "Udhaifu" unayameza yote, kisha unamtwisha mnyama lawama ya uzio.

Waliokimbilia "hatarishi" wamepotea zaidi. Kilicho hatarishi humhatarisha mwingine, kama moshi au mwendo wa kasi. Ukiandika "spishi hatarishi" umemwonya rubani ajihadhari na pronghoni, ilhali utaratibu wa uwanja ni kinyume chake: waangalizi humtafuta mnyama kabla ya zoezi, na akionekana karibu na shabaha, shabaha hiyo haitumiki.

Neno linalostahili ni uathirikaji. Asili yake ni athar ya Kiarabu, alama inayoachwa na kilichopita, mfano wa wayo mchangani; kwa wingi wa neno hilohilo Waarabu huita elimu ya mambo ya kale. Kwetu likawa athari, tukawa na kitenzi athiri, tukakinyambua kuwa athirika, na kukivika u- na -ji ni kazi ya kawaida ya sarufi yetu, iliyokwisha kutupa usomekaji. Chimbuko hilo linafaa kwa namna ambayo wapinzani hawajajishughulisha kuitazama: alama huhitaji kinachokanyaga na kinachokanyagwa, na tathmini hupima vyote viwili. Lipo pingamizi lenye uzito, kwamba aliyeathirika amekwisha patwa, na waathirika ni watu wa msiba uliotokea. Lakini maana hiyo huletwa na -me- na umbo la mtendwa, si na mzizi. Barabara inayopitika masika si lazima awepo aliyeipita leo. Kauli ya -ik- hubeba uwezekano pia, na nomino ya -ji huubakiza. Ama wanaolalamikia silabi sita, ndio haohao wanaotamka uwajibikaji, wenye silabi sita na umbo lilelile, bila kukohoa.

Katika matumizi, basi: uathirikaji wa pronghoni kwa ukame, uathirikaji wa kasa wanaotaga katika fukwe za kambi ya Camp Lejeune, North Carolina, kwa joto la mchanga, ambalo ndilo huamua jinsia ya watoto wao.