Mashaka juu ya Mungu kando ya Ziwa Mweru

Usiku usio na mbalamwezi, mbele ya miji ya Nchelenge na Kashikishi nchini Zambia, ziwa hujaa taa. Wavuvi huziwasha mitumbwini, na chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa, hupanda juu kufuata mwanga hadi wakaingia wavuni. Kukicha, huanikwa juani mchangani. Ukiuliza kwa nini wamekuja, utajibiwa kuwa taa imewavuta. Kwa mvuvi jibu hilo linatosha. Kwa mwanafalsafa, hapo ndipo swali linapoanza.

Mashaka ya kifalsafa ni kupima kama tunachodai kukijua tunakijua kweli. Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), katika Tahafut al-Falasifa, alitoa mfano wa moto na pamba: jicho huona moto ukigusa, kisha pamba ikiungua, lakini halioni kinacholazimisha la pili lifuate la kwanza. Kwake, aunguzaye ni Mungu. Mskoti David Hume (1711–1776) alianzia karibu na hapo, akashika njia nyingine: ikiwa ulazima huo hauonekani hata katika mambo tunayoyashika kwa mkono, tutatokaje kwenye ulimwengu hadi kwa Muumba wake? Mazungumzo yake juu ya dini yalichapishwa mwaka 1779, yeye akiwa ameshafariki.

Mweru ina mfano wake mwenyewe, tena mchungu. Kila mwaka samaki waitwao mpumbu walipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga. Vizazi vilizoea kuwaona. Nyavu ziliwavizia njiani wakiwa na mayai tumboni, na kufikia katikati ya karne ya 20 makundi yale yalikuwa yameporomoka. Aliyehesabu kuwa watarudi kwa sababu walirudi jana na juzi alikuwa na mazoea, hakuwa na hakika.

Katika bonde la Luapula, Mungu huitwa Lesa. Wamisionari wa London Missionary Society walipofungua kituo cha Mbereshi mwaka 1900, jina hilo lilikuwapo tayari. Je, Lesa wa wazee ndiye Mungu wa katekisimu? Swali hili si dogo. Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alishikilia kwamba Waafrika walimjua Mungu tangu kale. Mganda Okot p'Bitek alimpinga. Alisimulia jinsi mapadri walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, hivyo swali likawa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walijua kwamba binadamu huzaliwa na mama. Waliposhikiliwa sana, wakamtaja Rubanga, pepo anayepinda migongo ya watu, naye akafanywa jina la Mungu. Msomaji wa Kiswahili ataona mtego ulipo, kwani mfinyanzi wetu naye huumba chungu.

Hata hivyo, shaka nzito kuliko zote katika Zambia haihusu jina. Edwin Smith na Andrew Dale, katika kitabu chao juu ya Waila cha mwaka 1920, waliandika kisa cha ajuza aliyefiwa na wazazi, ndugu, mume, watoto, hatimaye na wajukuu. Akaazimia kumtafuta Leza (jina ni lilelile la Luapula) amwulize sababu. Alikata miti mirefu, akaiunganisha ifike mbinguni. Ya chini ikaoza, jengo likaanguka. Akaanza upya, likaanguka tena. Ndipo akashika safari, nchi hadi nchi, kutafuta mahali mbingu inapogusa ardhi. Hakuna pahali anapouliza kama Leza yupo. Analotaka ni maelezo. Waliomkuta njiani walimwambia kuwa hatofautiani na wengine: Leza amekaa mgongoni mwa kila mtu, wala hakuna awezaye kumtikisa aanguke.

Ajuza hakufika. Alikufa kwa uchungu, swali lake likiwa bado mkononi.