Wasifu Uliotangulia Ushahidi: Upelelezi wa Mauaji ya Wimbledon Common, 1992–2008

Makala hii inachunguza jinsi wasifu wa mhalifu ulivyotumika katika upelelezi wa mauaji ya Rachel Nickell, aliyeuawa kwa kisu tarehe 15 Julai 1992 katika uwanda wa Wimbledon Common, kusini-magharibi mwa London. Wanasheria huitaja kesi hii wanapojadili mitego ya polisi, na wanasaikolojia huitaja wanapoonya kuhusu mipaka ya fani yao. Hoja inayotetewa hapa ni tofauti kidogo. Kosa kubwa la upelelezi ule halikuwa kwamba wasifu ulikuwa mbovu kuliko mwingine wa zama zake. Kosa lilikuwa katika mgawanyo wa kazi: aliyeandika wasifu ndiye aliyesaidia kubuni jaribio la kumpima mshukiwa, na ndiye tena aliyeulizwa matokeo ya jaribio yana maana gani.

Kwa wasifu wa mhalifu tunamaanisha maelezo ya umri, tabia, makazi na mwenendo wa mtu asiyejulikana, yanayokisiwa kutokana na namna kosa lilivyotendwa. Katika Kiswahili neno wasifu limezoeleka kwa maelezo ya mtu anayefahamika kwa jina na nasaba. Hapa limegeuzwa: wasifu upo, mwenyewe hayupo. Hatari inaanza pale apatikanapo mtu wa kuvishwa wasifu huo.

Desturi yenyewe ina umri mrefu kuliko inavyodhaniwa. Mnamo Novemba 1888, siku moja baada ya kuuawa kwa Mary Jane Kelly huko Whitechapel, daktari wa upasuaji Thomas Bond alimwandikia Robert Anderson wa Scotland Yard ripoti kuhusu mauaji matano ya wanawake. Alikuwa ameuchunguza mwili wa Kelly, na kuhusu wale wanne waliotangulia alisoma kumbukumbu tu. Bond alihitimisha kwamba mkono ulikuwa mmoja, kwamba muuaji hakuwa na ujuzi wa kitabibu wala hata wa mchinja nyama, na kwamba huenda ni mtu mpweke, mtulivu kwa sura, aliyevaa nadhifu. Muuaji hakupatikana. Hivyo wasifu wa Bond haukupata kupimwa na chochote, na labda ndiyo sababu umeheshimiwa hadi leo.

Mfano wa pili ndio uliojenga sifa ya fani. Mwishoni mwa mwaka 1956 polisi wa New York walimwendea daktari wa magonjwa ya akili, James Brussel, kuhusu mtu aliyekuwa akitega mabomu jijini humo tangu 1940. George Metesky alipokamatwa Januari 1957 ilisimuliwa kwamba Brussel alikuwa ametabiri hata koti la vifungo viwili viwili ambalo lingekutwa mwilini mwake. Masimulizi hayo yalienezwa na Brussel mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu zake cha 1968, na waliolinganisha kitabu hicho na taarifa za 1956 wameonyesha kwamba baadhi ya utabiri ulisahihishwa baada ya jibu kujulikana. Aliyempata Metesky hasa alikuwa karani wa kampuni ya umeme, Alice Kelly, aliyepekua mafaili ya madai ya wafanyakazi wa zamani. Kazi ya karani huyo haikuanzisha idara yoyote. Ya Brussel ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia moyo wapelelezi wa FBI, ambao mwaka 1972 walianzisha kitengo cha sayansi ya tabia huko Quantico na baadaye kuwahoji wahalifu 36 waliokuwa gerezani. Mahojiano hayo ndiyo yaliyozaa mgawanyo maarufu wa wauaji wenye mpangilio na wasio na mpangilio. Mwaka 2004 David Canter na wenzake waliujaribu mgawanyo huo kwa mauaji 100 ya Marekani, na hawakuuona.

Turudi Wimbledon. Nickell alikuwa na umri wa miaka 23. Alishambuliwa mchana, mbele ya mwanawe ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, akachomwa kisu mara 49. Hapakuwa na silaha iliyopatikana wala shahidi mtu mzima aliyeliona tukio, na vipimo vya maabara vya wakati huo havikutoa kitu cha kumtambulisha muuaji. Magazeti yalidai majibu kila siku. Katika hali hiyo Polisi wa London walimwomba Paul Britton, mwanasaikolojia aliyekwisha kusaidia upelelezi mwingine, achore wasifu. Alieleza mwanamume kijana, mpweke, asiye na uhusiano wa kuridhisha na wanawake, mwenye njozi za kingono zenye ukatili, anayeishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwandani na anayeufahamu vema.

Tukiyasoma maelezo hayo leo, inafaa tutenganishe aina mbili za sifa. Upweke, ujana na kushindwa katika mapenzi ni sifa za maelfu ya wanaume wa mji mkubwa kama London. Hazimtoi mtu yeyote kundini. Makazi karibu na uwanda ndiyo sifa iliyokuwa na makali, kwa kuwa iliweza kuwaondoa wengi. Na ndiyo iliyokosewa. Muuaji, kama ilivyokuja kujulikana, aliishi Plumstead, upande mwingine wa London.

Sehemu ya wasifu ilitangazwa katika kipindi cha Crimewatch cha BBC mnamo Septemba 1992. Baadhi ya waliopiga simu walimtaja Colin Stagg, mkazi wa Roehampton aliyezoea kutembeza mbwa wake uwandani. Alikamatwa, akahojiwa, akakana, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Baadaye mwanamke mmoja aliyekuwa ameandikiana naye aliwapa polisi barua yake yenye njozi za kingono. Barua ile haikuwa na neno lolote kuhusu mauaji. Hata hivyo ilitosha kuwafanya wapelelezi waamini kwamba wasifu umempata mwenyewe.

Januari 1993 ilianza operesheni iliyopewa jina la Edzell. Askari kanzu wa kike, akitumia jina la bandia la Lizzie James, alianza kumwandikia Stagg na baadaye kukutana naye. Mpango, uliobuniwa kwa ushauri wa Britton, ulisema hivi: ikiwa Stagg siye, atajitenga mwenyewe kadiri mazungumzo yanavyoendelea, ikiwa ndiye, ataonyesha hatua kwa hatua njozi zinazolingana na wasifu, na mwisho huenda akakiri. Kwa maandishi, huu ni mtihani wenye njia mbili za kutokea. Kwa vitendo njia moja ilizibwa. Askari yule alimdokezea Stagg kwamba mapenzi yao yangekamilika kama angekuwa mtu aliyewahi kufanya jambo la kutisha kama alilolifanya yeye zamani, kwani alidai kushiriki katika mauaji ya kafara. Stagg, mpweke aliyetamani mke, alijitahidi kuandika kile alichoona kinatakiwa. Alifika hadi ya kubuni kisa cha mauaji ya ujanani ambayo hayakupata kutokea. Mtu anayetunga mauaji ili apendwe angepaswa kuwafanya wasikilizaji wake watilie shaka kila neno lake. Wao walihesabu njozi.

Kuhusu mauaji ya Wimbledon kwenyewe hakukiri, kwa takriban miezi saba. Alipoeleza yaliyotokea alikosea hata mahali mwili ulipolala. Lakini ndani ya mfumo uliokwisha kuamua nini ni ishara, kosa nalo lilipata tafsiri, na kukana kukawa ujanja. Hapa ndipo mwandishi wa makala hii anapoona kiini cha tatizo la kutoegemea upande. Hakuna haja ya kudhani kwamba yeyote kati ya wahusika alikuwa na nia mbaya. Nyaraka hazionyeshi hivyo. Inatosha kwamba hapakuwepo mtu, nje ya wale waliouchora wasifu na kuufanyia kazi, aliyepewa barua zilezile bila kuambiwa zimetoka kwa nani wala zinatafutiwa nini.

Stagg alishtakiwa Agosti 1993. Tarehe 14 Septemba 1994, katika Mahakama ya Old Bailey, Jaji Harry Ognall aliukataa ushahidi wote wa operesheni, akaieleza kuwa jaribio la kumnasa mshukiwa kwa udanganyifu wa kiwango kibaya kabisa. Alionyesha pia mashaka makubwa kama wasifu wa kisaikolojia unaweza kamwe kupokelewa mahakamani kama uthibitisho wa utambulisho. Upande wa mashtaka haukuwa na kingine cha kuleta, na Stagg akaachiwa huru baada ya takriban miezi 13 mahabusu. Uamuzi huu husifiwa kwa kulinda haki za mshtakiwa, na ni sawa. Lakini ulifanya zaidi ya hapo: jaji alisoma barua zilezile bila wasifu mkononi, akaona kwamba mtu aliyeziandika hakuujua uhalifu alioulizwa.

Umma haukuona hivyo. Kwa miaka mingi baadhi ya magazeti yaliendelea kumwandika kama mtu aliyeponea kwenye tundu la sheria, na polisi waliacha ijulikane kwamba hawamtafuti mwingine.

Gharama ya yote haya haikulipwa na Stagg peke yake. Novemba 1993, yeye akiwa mahabusu, Samantha Bisset na binti yake mdogo Jazmine waliuawa nyumbani kwao Plumstead. Robert Napper alikamatwa kwa mauaji hayo mwezi Mei 1994, miezi minne kabla ya Jaji Ognall kutoa uamuzi wake. Maana yake ni kwamba siku Stagg aliposimama kizimbani, muuaji wa Nickell alikuwa tayari mikononi mwa dola kwa kesi nyingine. Hayo yasingeweza kujulikana kwa yakini wakati ule, ila swali lingeweza kuulizwa. Ripoti ya Tume Huru ya Malalamiko ya Polisi ya mwaka 2010 ilionyesha pia kwamba nafasi zilipotea mapema zaidi: mwaka 1989 mama yake Napper aliwaarifu polisi kwamba mwanawe amekiri kubaka, na mwaka 1992, katika upelelezi wa ubakaji wa kusini-mashariki mwa London, Napper aliondolewa orodhani kwa sababu alikuwa mrefu kuliko maelezo ya mshukiwa. Maelezo mengine tena yaliyotangulia ushahidi.

Kuna onyo linalomhusu mwanahistoria mwenyewe. Mwaka 2003 Laurence Alison na wenzake waliwapa maofisa wa polisi wasifu mmoja, kundi moja likiambiwa habari za mhalifu wa kweli na jingine habari za mtu wa kubuniwa aliyetofautiana naye sana. Makundi yote mawili yalikuta wasifu unamfaa mtu waliyepewa. Sisi tunaoandika baada ya 2008 tumekwisha kupewa Napper. Ni rahisi mno kuupekua wasifu wa Britton na kuonyesha wapi ulimgusa na wapi ulimkosa, kama ilivyokuwa rahisi kwa wapelelezi kumwona Stagg katika kila mstari. Kwa sababu hiyo uchambuzi huu umejaribu kuegemea yale ambayo wapelelezi walikuwa nayo mezani hadi Agosti 1993: ukanaji wa mara kwa mara, maelezo yasiyolingana na eneo la tukio, na kisa cha kutungwa. Vyote hivyo vilijulikana bila kumngoja Napper.

Mbinu mpya za vinasaba, zilizotumiwa tena kwa vielelezo vya 1992, zilimuunganisha Napper na mauaji ya Nickell mnamo 2004. Tarehe 18 Desemba 2008 alikiri kuua bila kukusudia kwa sababu ya maradhi ya akili, akabaki katika hospitali ya ulinzi ya Broadmoor alikokuwa tangu hukumu ya 1995. Polisi walimwomba Stagg radhi hadharani. Mwaka huohuo alikuwa amekadiriwa fidia ya pauni 706,000.